Nguo Zilizokuwa Hazijakauka

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa wa jumuiya.

Mwaka 1623 wasichana tisa wa Kiingereza walivuka bahari hadi Cambrai, mji ambao leo uko Ufaransa, waanze utawa wa Mtakatifu Benedikto, maana kwao sheria ilikataza nyumba za watawa. Nyumba yao ilisali na kufanya kazi kwa miaka 170. Oktoba 1793 Mapinduzi ya Ufaransa yakawafikia: walikamatwa, wakafungwa katika mji wa Compiègne. Wanne walifia gerezani.

Humo humo waliletwa Wakarmeli 16, masista wa shirika jingine, waliokuwa wamelazimishwa kuvaa kiraia. Siku walipoitwa kupelekwa Paris, nguo zao za kiraia zilikuwa ndiyo kwanza zimefuliwa, zimelowa. Wakaondoka na mavazi ya kitawa, na tarehe 17 Julai 1794 wakakatwa vichwa, wakienda kifoni huku wakiimba. Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu Desemba 2024.

Zile nguo mbichi wakapewa Wabenediktini. Ndizo walizorudi nazo Uingereza mwaka 1795, hawana kingine. Jumuiya yao ndiyo abasia (monasteri) ya Stanbrook, ambayo tangu 2009 iko Wass, Yorkshire, na Zaburi bado zinaimbwa.

Nimelifikiria hilo wiki nzima hapa Tabora, kwa sababu ya kanga.

Mama mmoja wa jumuiya yetu, muuza asali sokoni, alitutoka mwaka jana. Nguo zake zilipogawiwa, mimi nikapata doti moja. Niliikunja, nikaiweka chini kabisa sandukuni. Niliona si yangu kuivaa. Yule mama alikuwa anafunga Ijumaa zote na hakukosa msiba wa mtu, mimi je?

Lakini masista wale hawakuulizwa kama wanastahili. Walikuwa na baridi na safari mbele yao, wakavaa. Kanuni ya Benedikto, sura ya 55, inataka anayepewa nguo mpya arudishe ya zamani papo hapo, itunzwe kwa ajili ya maskini. Nguo haikai, inapita kwa mwingine. Na Mtume anatuambia, "jivikeni moyo wa rehema, utu wema, unyenyekevu, upole, uvumilivu" (Kol 3:12). Nadhani wengi wetu tuliviona vyote hivyo vikivaliwa na mtu fulani kwanza.

Jana nimeitoa. Pindo moja bado lina makunyanzi ya fundo alilokuwa akifungia hela za asali. Nimeifua, nimeianika, na sadaka yangu ya Jumapili nimeifunga palepale.