Siku nilizorudi bila kitu ndizo zilizonifundisha nyangumi

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nyangumi huja Tanga na matlai, msimu wa upepo mwanana baina ya kusi na kaskazi. Kila nilipowaona ilikuwa mwezi wa kumi, bahari imelala, niko nje ya kisiwa cha Yambe au cha Karange na mshipi wangu wa changu. Wavuvi wenzangu wa Sahare nao walisema hivyo hivyo, isipokuwa mzee mmoja, Babu, anayehesabu miongo tangu Nairuzi, Mwaka Mpya wa Waswahili, siku kumi kumi, bila kalenda ya ukutani. Yeye alisema, "Mwanangu, mwaka ukiingia tu, wameshafika." Mwaka huo wa kwetu huingia Julai, kusi, upepo mkali wa kusini, limekaza. Sikumsadiki.

Daftari nililianza kwa ajili ya vibua, nikitaka kujua membe, wale ndege wa baharini, huinama wapi na maji ya namna gani. Niliandika tarehe, mwezi mwandamo, bamvua (maji makubwa) au maji mafu (madogo), upepo, mahali nilipokuwa na nilichokiona. Mwaka wa kwanza halikunifaa. Nilipolisoma nilikuta siku njema tu: jodari, pomboo, sulisuli aliyeruka mbele ya omo. Siku niliyorudi na tenga jeupe sikuandika. Siku dau lilipolala mchangani sikuandika.

Mwaka wa pili nikajilazimisha, kila siku mstari mmoja, hata kama ni "sikutoka, kusi kali" au "nimevua ghubani, sikuona kitu". Inachosha, na mwenye njaa ya usingizi huona kalamu nzito kuliko nanga. Msimu ulipokwisha nikahesabu. Kuanzia Juni hadi Agosti nilitoka nje ya miamba siku nne. Nne tu! Ningewaonea wapi? Na katika siku hizo nne, mbili zina maneno haya: "mvuke wa maji, mbali, mashariki". Matlai ilikuwa ikinitoa mimi. Wao walishakuwapo.

Nyangumi hawa wenye nundu hutoka bahari ya Antaktika wanakoshibia, wakaja maji yetu ya joto kupandana na kuzaa, Julai hadi Novemba hivi. Huku hawali karibu chochote. Mama ananyonyesha kwa mafuta aliyokuja nayo mwilini.

Oktoba moja tulikuwa tumezima mashine, jua halijachomoza, tukasikia pumzi kabla ya kuona kitu. Mvuke ukatuangukia, una shombo la dagaa waliolala. Akaibuka mtoto, ngozi imekunjamana, pezi lake refu likionekana jeupe ndani ya maji. Mama akapita taratibu akajiweka katikati, baina ya mtoto na dau letu. Tulipandisha mishipi bila kuambiana.

Shemeji yangu hutega jarife, wavu mkubwa, usiku. Siku hizi, kuanzia Julai, huniuliza kwanza mvuke umeonekana upande gani, kisha hutega kwingine. Nyangumi akiingia jarifeni anaweza kuzama na kufa, na jarife lenyewe halirudi.

Nilimpelekea Babu daftari. Macho yake hayasomi tena, nikamsomea ukurasa kwa ukurasa, hata mistari ya "sikuona kitu". Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na kasa je?"

Kasa sikuwa nimewatengea ukurasa. Sasa wanao. Una mistari kumi na mmoja, na yote inasema sikumwona.