Samahani, kaka

Saa tano na nusu usiku. Mvua ya hapa Sakina, Arusha, inapiga bati kama ina kesi nalo, mama watoto kalala, watoto wamelala, na mimi niko mezani nabishana na maneno mawili. "Samahani, kaka." Maneno ya kawaida kabisa. Naambiwa kila siku na watu wanaonikanyaga kwenye hiace, na hayajawahi kuninyima usingizi.

Wiki ilikuwa na mambo yake. Jumapili tulipokea mahari ya mdogo wangu, Jumatano nikasaini ule mkataba wa kudumu niliowachosha nao humu miaka mitatu, na mwenye nyumba kapandisha kodi. Hayo yatapata siku yake. Leo niacheni na Jumanne, saa nane mchana, stoo.

Mradi wa kompyuta pepe mnaukumbuka. Kwa mliokuja juzi: mashine zetu za ofisini zimechoka, ukifungua mafaili mawili ya hesabu unaweza kwenda kunywa chai ukarudi. Wazo ni kwamba mashine ya mezani ibaki kioo, kibodi na mausi, halafu Windows yenyewe na kazi zote viendeshwe ndani ya seva moja yenye misuli. Tangu lile sakata la printa (nilishatubu, yaisheni) Bosi hataki niguse mtandao wa ofisi kwa kujaribu-jaribu, kwa hiyo nimejenga mtandao wa majaribio stoo. Swichi moja kuukuu, mashine nne za mezani, na seva iliyokuwa imelala tangu mwaka juzi chini ya maboksi ya kalenda. Hauna intaneti, haujaungwa popote, ni kisiwa. Ndani ya seva nikasimamisha domeni kontrola, yaani ile inayojua nani ni nani na nywila yake ni ipi, kisha nikatengeneza nakala mama ya Windows na kuzalisha kompyuta pepe sita. Maonyesho kwa Bosi yalipangwa Ijumaa.

Jumanne tukajaribu. Unaandika jina, unaandika nywila, kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu: imeshindikana kuingia, wasiliana na msimamizi wa mfumo. Msimamizi wa mfumo ni mimi. Niliwasiliana naye na hakuwa na jibu.

Kilichonipoteza ni hiki. Ukiiita kompyuta pepe kwa jina lake, inagoma. Ukiiita kwa namba yake ya IP, inafunguka bila kinyongo. Kamata fundi mtandao yeyote hapa mjini, msimulie hivyo, atakujibu kabla hujamaliza: DNS, ile inayogeuza jina la mashine kuwa namba yake. Majina hayatafsiriki. Nikaikaba DNS koo tangu saa tatu asubuhi. Nikafuta rekodi nikaziandika upya, nikasafisha kache, nikabadili waya. Nikabadili na waya wa pili, huo kwa hasira tu. Nikiuliza jina, namba inarudi sahihi kila mara, maana yake DNS ilikuwa ikiniambia mchana kweupe kwamba haina kosa. Sikuisikia.

Binti wa fildi alikuwa amekaa juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa, vioo viwili mbele yake. Sijawahi kumwandika humu kwa sababu ni mtu wa kimya, anakuja, anafagia chumba cha seva bila kuambiwa, anaandika kila kitu kwenye kidaftari chenye twiga kwenye jalada. Akasema:

"Kaka, huku imeandika saa nane na dakika kumi na tisa, na huku saa nane na kumi. Haina shida?"

Sikugeuka. "Dada, hapa tunafunga mitambo. Mafundi saa wako Soko Kuu."

Jamaa wa uhasibu, aliyekuja kuazima ekstensheni, akacheka. Na mimi, kwa kuwa nimechekewa, nikaongeza: "Au una miadi?"

"Samahani, kaka."

Akarudi kwenye kidaftari. Nilisikia kalamu yake ikibonyezwa, tik, tik, tik. Hakuandika kitu.

Nimeirudia mara ngapi sijui. La mafundi saa naweza kulitetea, nilikuwa nimechoka, sijala, stoo ni joto. Hilo la miadi ndilo sina pa kulipeleka. Sikulisema kwa sababu ya uchovu. Nililisema kwa ajili ya yule wa uhasibu, ambaye hata ekstensheni yenyewe hadi leo hajarudisha.

Jumatano niliendelea na DNS. Ndiyo, tena. Mchana, nikiwa na furaha ya mkataba mpya, nikajaza fomu ya tathmini ya yule binti maana wiki hii ilikuwa ya mwisho kwake. Fomu ya chuo ina vipengele na alama moja hadi tano. Nidhamu, tano. Kuwahi kazini, tano. Usafi, tano. "Huuliza maswali yanayohusu kazi": mbili. Kwa peni. Nikatia kwenye bahasha, nikafunga kwa gundi, nikagonga muhuri juu ya mkunjo ili asiifungue.

Alhamisi asubuhi umeme ukakatika, ukarudi, na wakati seva inaamka taratibu kama mzee wa baridi yabisi, nikafanya nilichopaswa kufanya tangu Jumanne. Nikafungua kumbukumbu za mfumo na kuzisoma mstari kwa mstari badala ya kuzipitia kwa jicho la mtu anayejua. Mstari mmoja ukajirudia kama kwaya: KRB_AP_ERR_SKEW.

Niliruka. Kweli, niliruka, nikagonga kichwa kwenye rafu ya kalenda.

Kwa wasio wa fani, kidogo tu. Windows ikiwa kwenye domeni hutambua watu kwa utaratibu uitwao Kerberos, jina la mbwa wa vichwa vitatu wa hadithi za Wagiriki. Hautumi nywila yako huku na huku, unatoa tiketi. Tiketi ina muda ulioandikwa juu yake, ili mwizi akiiokota asiitumie kesho. Sasa kama saa ya anayetoa tiketi na saa ya anayeikagua zimepishana sana, mkaguzi anaikataa, hata kama ni halali na wino haujakauka. Ndiyo ile SKEW. Kiwango cha kawaida cha kuvumilia ni dakika 5. Zangu zilipishana 9. Na kwa nini namba ya IP ilikubali? Kwa sababu ukitumia namba badala ya jina, kwa kawaida Windows inaiacha Kerberos na kurudi kwenye utaratibu wa zamani, NTLM, ambao kwa saa hauna makuu. Kwa hiyo DNS haikuhusika hata kwa unyayo. Siku mbili nimemkaba koo asiye na hatia.

Hizo dakika 9 zilitoka wapi? Seva ilipoamshwa baada ya usingizi wake mrefu betri yake ndogo ilikuwa imekufa, saa imepotea. Nikabadili betri, nikainua macho ukutani, nikaiwekea saa ya ukutani. Siku iliyofuata nikasimamisha domeni kontrola, nikaifungia isifuate saa ya seva kama inavyoshauriwa, na yenyewe nikaiwekea saa ya simu yangu. Zile kompyuta pepe sita zikabaki zinafuata seva. Kwenye mtandao wenye intaneti zingeweza kujirekebisha zote kwa chanzo kimoja cha nje. Kisiwani hakuna wa kumuuliza saa ngapi.

Na saa ya ukutani ya ofisi yetu, mnaomjua Bosi mmeshacheka. Aliisogeza mbele kwa makusudi, mwaka ule wa uchelewaji, na hakuna aliyeirudisha.

Dakika kumi zikatosha kurekebisha. Domeni kontrola ndiyo iwe mwenye saa, seva ikome kuwasemea wengine, zote zimfuate mmoja. Sita zikafunguka, kwa jina, moja baada ya nyingine. Nilikuwa na furaha ya mtoto aliyepata shilingi mia barabarani. Ndipo nikageuka nimwonyeshe mtu, na aliyekuwepo ni yeye, juu ya ndoo yake.

Akatazama kioo. Akatabasamu. "Hongera, kaka."

Kwa nini hakusema? Mimi ningesema. Ningetengeneza fulana yenye maandishi hayo.

Ijumaa Bosi akaja na watu wawili wa bodi, vioo vikawaka, mmoja wao akafungua hesabu zake kwenye mashine ambayo juzi ilikuwa inaenda jalalani. "Huyu kijana wangu ni mkali," Bosi akasema, mkono begani kwangu. "Tatizo lilikuwa nini?" Nikasema saa zilikuwa zimepishana, jambo dogo, lakini kuligundua ndiyo kazi. Hivyo hivyo. Kuligundua ndiyo kazi. Binti alikuwa mlangoni ameshika sinia la soda.

Jioni akaniletea kitabu chake cha fildi nisaini. Jumanne: "Kusaidia kufunga kompyuta pepe. Kufagia chumba cha seva." Alhamisi: "Msimamizi alitatua tatizo la tofauti ya saa (Kerberos, dakika 5)." Nikasaini. Mwandiko wake ni mzuri, herufi zimesimama kama wanafunzi mstarini.

Alipokuwa anafunga begi akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, "Kaka, ile ya ukutani inawahi dakika tisa. Mimi naihesabia kila jioni nikitoka, ili nisiikose hiace ya Kwa Mrombo."

Nikasema, "Najua."

Sikuwa najua. Nimefanya kazi chini ya saa ile miaka mitatu, najua tu kwamba "inawahi". Tisa zilihesabiwa na mtu anayetembea hadi stendi kwa sababu hana nauli ya boda.

Akaniaga vizuri, akashukuru kwa yote niliyomfundisha, akaondoka na begi mgongoni na ile bahasha mkononi, muhuri wangu juu ya mkunjo. Nilikuwa na sekunde zaidi ya za kutosha kusema nipe hiyo, kuna kitu nimekosea kujaza. Fomu nyingine tupu iko drooni. Peni ilikuwa mkononi! Nikasema tu asalimie nyumbani.

Kurudi nilipanda boda, tukazunguka pale Mnara wa Saa, na sikuthubutu kuinua macho.

Namba ya msimamizi wake wa chuo imeandikwa nyuma ya bahasha. Bahasha anayo yeye. Namba ya binti mwenyewe ninayo, nimeifungua mara nne tangu jana, na kila nikianza kuandika naona nimeanza na "Samahani" halafu nafuta, maana baada ya hapo sijui niandike dada, mdogo wangu, au nini.

Mama kapiga leo mchana kutoka Marangu. Migomba imeangushwa na upepo, jirani kachinja, habari za kawaida. Halafu katikati ya mazungumzo akacheka, akasema siku hizi asubuhi mawingu yakifunguka anaiona Kibo mara mbili, moja pembeni ya nyingine, eti Mungu kamzidishia. Nikacheka naye. Nilipokata simu ndipo nikasikia alichosema. Sukari yake hajapima tangu Krismasi, na nilipomwuliza dada yangu kwa ujumbe kama Mama bado anamimina chai mwenyewe, hajajibu. Jumatatu naomba ruhusa, mapema nimpeleke KCMC wamwone macho. Akikubali. Tangu saa mbili nampigia, simu inaita mpaka inakatika.