Mzee anapotaka kukojoa na mpira umo

Katika wodi yetu ya wanaume, wazee waliofanyiwa upasuaji wa tezi dume ni nadra kusema kwamba wanaumwa. Husema wanataka kwenda haja ndogo, na wakiambiwa kuwa mkojo unatoka wenyewe kwa mpira uliopitishwa kwenye njia ya mkojo hadi kibofuni, hututazama kana kwamba tunawanyima ruhusa. Usiku wa kuamkia leo mzee mmoja aliniita, nami nilipomwamkia alijibu, "Marahaba mwanangu, niinue nikakojoe," huku ameshika chuma cha kitanda na jasho likimtoka.

Haja hiyo anaihisi kweli. Puto lililo kwenye ncha ya mpira huo, ambalo baada ya upasuaji huu mara nyingi hujazwa mililita 30 za maji au zaidi, hukaa kwenye shingo ya kibofu, nacho kibofu hujikaza ili kulisukuma nje. Mgonjwa akijikamua, mkazo huzidi, na mkojo wenye damu hupenya pembeni mwa mpira ukalowesha shuka, jambo ambalo kwa wazee wengi ni aibu inayozidi maumivu yenyewe.

Hata hivyo sianzi na sindano ya maumivu. Kwanza naufuata mpira kwa mkono, kuanzia pajani ulikobandikwa plasta hadi kwenye mfuko, nikitafuta mahali ulipokunjika au alipoulalia, kisha nasoma chati. Tukiingiza lita 3 za maji ya chumvi ya kusafishia kibofu na zikatoka lita 3 na mililita 400, mkojo halisi ni hizo mililita 400. Zikitoka lita 2 na nusu, kuna kilichoziba, na kuendelea kufungulia maji ni kumtesa mtu. Ndivyo ilivyokuwa kwa mzee huyu. Nilifunga maji yanayoingia, nikanawa, nikavaa glovu tasa, nikasukuma maji ya chumvi taratibu kwa bomba la sindano la mililita 50 na kuyavuta, likatoka bonge la damu jeusi mfano wa punje ya harage, kisha mkojo mwekundu ukashuka kwa kasi. Uso wake ulilegea kabla sijayafungulia tena maji.

Pasipo na kizuizi, dawa ya kulegeza kibofu aliyoandika daktari ndipo inapofaa. Lakini naona mateso ya mgonjwa yangepungua kama haya yote angeelezwa kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, maana fomu ya ridhaa hutaja damu na ganzi, haitaji haja hii ya uongo.

Alipotulia aliuliza mpira utatolewa lini. Nilimjibu kwamba daktari ataamua mkojo ukishakuwa mweupe, na kwamba siku za mwanzo baada ya hapo atasikia kuchoma na mkojo huenda ukamponyoka mpaka misuli ishike. Akaniomba nisiondoke zamu kabla mkewe hajafika na uji, nimrudie maneno hayo, kwa kuwa yeye ndiye atakayefua shuka.