Nilivyookoa sauti za garimoshi kwenye kanda za zamani

Mjomba alikuwa na tabia ya kusimama stesheni na kinasa sauti, stesheni ndogo tu ya mji mdogo, akirekodi injini za mvuke zikiingia na kutoka. Kanda zake za rili zilipofika mikononi mwangu, juu ya makasha palikuwa na maneno mawili matatu ya penseli: "ya mizigo, jioni", "mvua, inaondoka". Basi.

Sikuzicheza kwanza. Niliinua kila rili mbele ya taa nikaitazama kwa ubavu. Mwanga ukipenya, kanda ni ya plastiki ya asetati. Ukizuiwa, ni ya poliesta. Hili si jambo dogo. Kuna kanda za poliesta za miaka ya 1970 na 1980 ambazo gundi yake hugeuka ulimbo, na mafundi huzipasha joto la nyuzi 50 na kidogo kwa saa kadhaa ndipo zichezeke. Asetati ukiitia joto hilo unaiua. Zangu zilikuwa asetati, na moja ilianza kunuka siki, dalili kwamba inaoza, kwa hiyo ndiyo niliyoitanguliza.

Viungo vya kale viliachia nikavibandika upya kwa utepe maalumu wa kanda, kamwe si selotepu ya kawaida, ambayo gundi yake huvuja ikashikisha mizunguko. Hedi, sehemu ya mashine inayosoma kanda, niliisafisha kwa spiriti, kisha nikaizungusha skrubu inayorekebisha mwinamo wake taratibu hadi mvumo mwembamba wa juu ukasikika mkali kabisa.

Spidi ndiyo iliyonipa kazi. Sentimita 19 kwa sekunde, au 9.5? Garimoshi likichezwa maradufu ya kasi yake bado linaweza kukudanganya ukadhani ni injini ndogo yenye haraka. Binadamu hadanganyi: mtu mmoja anaita abiria wapande, na kwa 9.5 sauti yake ikakaa sawa.

Hapo ndipo nilipoisikia ile ya mvua. Injini ya silinda mbili hupumua mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu, kwa kuwa mvuke husukuma pistoni kwa zamu kutoka pande zote mbili. Pumzi nne nzito, halafu magurudumu yanateleza kwenye reli zilizolowa, pumzi zinamwagika zote kwa pamoja, dereva anafunga mvuke, anaanza tena polepole. Niliirudia hadi usiku.

Watu walinishauri nipitishe programu ya kuondoa kelele. Nilikataa, na bado nakataa. Mvuke unaovuja kwenye injini iliyosimama na mvumo wa kanda vinafanana mno masikioni mwa kompyuta. Ukifuta kimoja, kingine kinakwenda nacho, na injini inabaki kama imekufa. Faili kuu niliihifadhi kwa ubora wa juu, biti 24, kilohezi 96, bila kuigusa. Katika nakala ya kusikiliza nilipunguza mngurumo wa upepo tu. Vipindi virefu visivyo na treni sikuvikata: mkokoteni wa mizigo unapita, mlango wa behewa unabamizwa, mtu anakohoa. Stesheni ni hiyo pia.

Mwishoni nilizizungusha kanda kwenye rili kwa spidi ya kucheza, nikaziacha mwisho ukiwa nje. Kanda iliyokaa miaka mingi huambukiza sauti kwenye mzunguko wa jirani, ndiyo maana katika moja honi inasikika kwa mbali kabla haijapigwa. Ukiihifadhi hivi, mwangwi mkubwa huangukia nyuma ya honi, ambako honi yenyewe huufunika.