Mjomba na viatu vya gofu, Ramadhani ya 2022

Mjomba wangu alianza gofu ameshastaafu benki, na akaanza na raba. Zile raba nyeupe za kawaida tu, na kwa hapa Malindi mtu huenda nazo vizuri kabisa, ardhi yetu mchanga na matumbawe, kaskazi ikivuma Januari nyasi zinakauka mpaka mpira ukidondoka unaruka kama umegonga simenti. Shida huanza masika. Pia alfajiri kabla umande haujakauka. Mie nilikuwa kedi ujanani, nimebeba mabegi ya Wataliano na ya wazee wa mji, nimeona watu wazima wakipiga swingi, ule mzunguko wa fimbo, mguu ukawatoka wakakaa chini na suruali zao nyeupe, kwa hivo nilikuwa nimemwambia zamani atafute viatu vya meno. Hakunisikiza. Mie ni mpwa, mpwa hasikizwi.

Aliyesikizwa ni Tiger Woods, yule bingwa wa gofu wa Marekani.

Ilikuwa Aprili, Ramadhani, Masters, mashindano makubwa ya gofu, inachezwa kule Augusta, Marekani, na kwa saa zetu inaingia usiku, kwa hivo tukitoka tarawehe tunakaa sebuleni kwa mjomba na kahawa na kaimati zilizobaki, tunatazama tukingoja daku. Tiger alikuwa ndio anarudi, mguu ulimsagika kwenye ajali ya gari Februari 2021, umewekwa vyuma ndani, na mtu ambaye miaka na miaka alikuwa wa Nike siku ile miguuni kavaa FootJoy, viatu vya gofu vya kampuni nyingine. Watangazaji hawaishi kulisema. Alimaliza wa 47 na aliyeshinda ni Scottie Scheffler, lakini mjomba hata Scheffler hamkumbuki. Alichoshika ni kimoja. "Umeona? Mtu mguu mbovu ameacha kampuni yake akatafuta kiatu kinachomshika. Na mie goti hili?" Nikamwambia mjomba, mie nimekwambia hayo tangu lini. "Wewe si Tiger."

Basi ikawa safari ya viatu. Baada ya Idd alikuwa amealikwa na wenzake wa benki kwenda kucheza Vipingo, na Vipingo kuna miteremko, si tambarare kama kwetu. Mji mzima unahangaika na kanzu za Idd na nguo za watoto, yeye anatafuta viatu vya gofu.

Vya kwanza vilikuwa vya Mtaliano mmoja mzee aliyekuwa anafunga nyumba arudi kwao, anauza kila kitu, mpaka sufuria. Ngozi nyeupe, imeshonwa kwa mkono, kiatu cha kifalme wallahi. Lakini chini ni misumari ya chuma, ile ya zamani, mirefu karibu milimita 8. Mjomba akavivaa akatembea kwenye veranda, kra kra kra kra, uso umemng'aa, anapenda ule mlio. Nikamwambia hivi hutavuka navyo geti. Chuma kimepigwa marufuku karibu klabu zote, ilianza huko Marekani miaka ya 90 yalipotoka meno ya plastiki, kwa sababu chuma kinachimba grini, zile nyasi fupi za kuzunguka shimo, na kila anayekuja nyuma mpira wake unakwenda kwa kudunda dunda. Na hata ungeachiwa uingie, juu ya simenti na vigae chuma kinateleza vibaya. Mjomba akasema si tutatoa chuma tuweke plastiki? Wazo lenyewe si baya, mengi ya yale yanafunguka kwa skurubu. Ila viatu vilikuwa vimekaa miaka kwenye nyumba ya ufuoni, hewa ya chumvi imeshakula nyuzi zote, tukatia mafuta, tukaleta koleo, msumari wa kwanza ukakatikia ndani. Mtaliano akatuangalia, akacheka, akatuambia tuache tu. Tukaacha.

Vya pili ndivyo vilivyotupeleka Kongowea, lile soko kubwa la Mombasa. Mtu akitaka viatu vya mitumba pwani hii atazunguka weee mwisho ataangukia Kongowea, tukapanda matatu asubuhi, tumefunga, jua hilo, Kilifi wale vijana wa korosho wanatupungia korosho dirishani na sisi tunawatazama tu. Pale sokoni viatu vya gofu havina meza yake, vinachanganywa na njumu za mpira kwa sababu muuzaji akiona meno anajua ni njumu, na hiyo ni bahati kwa mnunuzi maana bei pia inakuwa ya njumu. Mjomba akaona jozi moja ya kahawia na krimu, haijakanyaga chini, meno yote mapya, karatasi bado imo ndani. Keshatia mkono mfukoni. Nikamwambia subiri, nikakichukua nikakikunja katikati. Soli ikapasuka. Sio kupasuka tu, ilimeguka vipande vipande unga unga ukamwagika mezani.

"Mzee, huyu kijana amenivunjia kiatu!"

Mjomba naye kanigeukia, ati nimevunja kiatu cha watu. Ikabidi nieleze mbele ya watu walioshajaa, kwamba soli nyingi za namna ile zina poliyurethani, na hiyo ikikaa inakunywa unyevu wa hewa na kuoza taratibu hata kama kiatu hakijavaliwa, na zaidi ikikaa kabatini miaka kuliko ikivaliwa. Kwa hivo kiatu cha mtumba kikiwa kipya sana ndio cha kuogopa. Nikachukua cha pili chake nikampa muuzaji mwenyewe akikunje. Akakikunja, kikafanya yale yale. Akakaa kimya kidogo halafu akasema haya tazameni vingine, na toka hapo tukawa marafiki, akawa anavitoa gunia zima chini ya meza.

Sasa mjomba anavaa 9, siku zote, viatu vya Bata. Akipata kilichoandikwa 9 anavaa, vidole vinajikunja, anasema vitaachia. Haviachii bwana! Nikamfunulia ulimi wa kiatu, pale ndani pana kilebo: US 9, UK 8. Viatu vya gofu vingi vinavyofika huku ni vya Marekani, na namba yetu sisi ni ya Uingereza, kwa hivo 9 yake ni 10 ya Marekani. Mjomba kafanya kazi na namba miaka thelathini na kitu, hili lilimuuma.

Tukapata 10. Nyeusi, pembeni mstari mweupe, ngozi haina ufa, kipana kidogo mbele, na mjomba mguu wake mpana. Nikakikunja, soli ikarudi vizuri. Nikasoma mguu wa mwenyewe wa zamani, hii naipenda sana, cha kulia kimelika ncha ya mbele upande wa ndani, maana yake alikuwa anapiga kwa mkono wa kulia na kumaliza kwa kuburuta kidole, kama mjomba. Meno yalikuwa yamekwisha, bapa kabisa, lakini meno si hoja, meno hubadilishwa. Muhimu ni tundu zake zisiwe zimeliwa, maana kuna ya skurubu na kuna ya kuzungusha kidogo yakajifunga, na ukinunua aina siyo hayaingii hata uyapige nyundo. Nikaangalia tundu moja moja. Nzima.

Tulingoja mpaka alasiri ndio akavijaribu, kwa makusudi. Mguu wa asubuhi na mguu wa jioni si mmoja, unafura, na raundi nzima ya gofu ni kutembea saa nne na zaidi. Nikamwambia avae na soksi zake za kuchezea, alikuja nazo mfukoni. Halafu akaomba mwavuli wa mama mmoja muuza leso, akashika kama fimbo ya gofu, watu wakapisha, akapiga swingi katikati ya Kongowea na kanzu yake. Mie naangalia kisigino tu. Kisigino kikipanda ndani ya kiatu, hicho si chako, hata kiwe kizuri namna gani. Na mguu wa kushoto mwisho wa swingi, mwili wote unaangukia ukingo wa nje pale, ukiona ngozi inamwagika nje ya soli, achana nacho. Hakikupanda, hakikumwagika. Akapiga tena, sasa bila sababu, maana watu walikuwa wanashangilia.

Bei tulianza elfu tatu na mia tano tukamaliza elfu mbili. Meno mapya nilitafuta kwenye duka la klabu, na ufunguo wake ule wa pini mbili nikaazima kwa kedi mwenzangu wa zamani, nikayaweka usiku wa kuamkia Idd barazani huku Anti anapika.

Vipingo alicheza vibaya kama kawaida yake. Lakini nyasi zilikuwa na maji asubuhi ile na hakuteleza hata mara moja, goti halikulalamika, na wale wenzake wawili wenye raba walirudi na matope matakoni, hilo alilisimulia mwezi mzima. Aliporudi nyumbani akaingia navyo moja kwa moja sebuleni aonyeshe, Anti akamtazama miguu, akasema, "Baba Fulani, vitu vya kulimia vinabaki nje." Hata plastiki huacha alama kwenye vigae, Anti hakukosea.

Mwaka uliofuata meno yalikwisha nikambadilishia tena. Seti ile mpya ilipita nusu ya bei ya viatu vyenyewe, na mjomba akalipa palepale bila hata kuuliza risiti, mtu wa benki yule.