Perfect Dark kwa 125 MHz: wiki sita za kutafuta kwa nini inaganda

Jana usiku mechi ya Perfect Dark, gemu la kufyatuliana risasi la Nintendo 64, imekwenda dakika 52 bila kuganda. Uwanja ni Complex, simulanti 8 (wapinzani wanaoendeshwa na mashine), skrini imekatwa vipande vinne, muda hauna kikomo. Prosesa ya Nintendo 64 ilikuwa inakimbia kwa 125 MHz badala ya 93.75 ya kiwandani, na haikujikwaa hata mara moja. Saa ilipofika dakika ya 30 niliacha kucheza. Niliweka padi ya kuchezea mezani nikawa natazama tu, kwa sababu hapo ndipo kila jaribio lilikuwa linafia tangu nianze. Ikapita 31. Ikapita 40. Nilimwamsha mke wangu kumwambia.

Nieleze kidogo mashine yenyewe. Mjomba alirudi nayo kutoka Leicester mwaka 2002, ndani ya begi la nguo, na kaseti mbili: GoldenEye 007 na Perfect Dark. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba Rare, waliotengeneza zote mbili, walikuwa na ofisi zao Twycross, mkoa huo huo wa Leicestershire. Mjomba alikuwa jirani yao na hakujua. Sisi tulikuwa wanne nyumbani, televisheni ya inchi 14, na skrini ikikatwa mara nne kila mtu anabaki na kidirisha kama bahasha. Tulicheza hivyo hivyo. Kaka yangu mkubwa alikuwa anabandika Laptop Gun ukutani juu ya mlango, inajifyatulia yenyewe, halafu anakaa kona akisubiri. Dada alikuwa wa FarSight, ile bunduki inayoona nyuma ya kuta, na kwa sababu yake nyumbani ilipitishwa sheria kwamba FarSight ni Jumapili tu.

Gemu hili lilitoka Marekani tarehe 22 Mei 2000, na hadithi yake imewekwa mwaka 2023. Mwaka huo umeshapita na hatujaona magari yanayoelea kama yale ya barabara ya Chicago, lakini mimi bado nikiwasha kaseti na kumwona Joanna Dark, mhusika mkuu, juu ya paa la kampuni ya dataDyne, usiku, jengo zima liko chini yake, moyo unadunda kama wa mtoto.

Kasoro yake kila aliyecheza anaijua: linakwenda polepole. Fremu, yaani picha mpya kwa sekunde, hazitoshi. Ukifungua mlango ukakuta walinzi watano na kioo kimevunjika, picha inaanza kuruka vipande vipande, na kulenga shabaha kunakuwa kama kuandika ukiwa ndani ya daladala. Kwenye mashine ya PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya, kama yangu hesabu yake ni kali zaidi. Televisheni inachora mara 50 kwa sekunde, na picha mpya ikichelewa kidogo tu kumalizika, inabidi isubiri zamu inayofuata. Kwa hiyo huwezi kupata fremu 20 au 14 unavyotaka. Unapata 25, au 16.7, au 12.5. Ni ngazi. Ukikosa ngazi moja kwa unywele, unateremka yote.

Wengine huliita kosa la uvivu. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwangalie mlinzi mmoja tu. Ukimpiga kwenye mkono, bunduki inaanguka; anainua mikono, na ukizubaa anachomoa bastola aliyoficha. Ukipiga taa za chumba, chumba kinaingia giza. Ukipigwa ngumi, macho ya Joanna yanaingia ukungu. Kila bunduki ina namna yake ya kujazwa risasi, na nyingi zina kazi ya pili: Dragon ukiitupa chini inakuwa bomu, RCP-120 inakuficha usionekane. Halafu juu ya hayo yote unaweza kuwa na wachezaji wanne na simulanti wanane uwanja mmoja, kila simulanti na tabia yake, yupo mwoga, yupo wa kulipiza kisasi. Yote hayo yamebebwa na prosesa ya 93.75 MHz na kaseti ya megabaiti 32, na bila Expansion Pak ya kuongeza megabaiti 4 za kumbukumbu hata hadithi hupewi kuicheza. Waliotengeneza walikataa kupunguza, na ubishi wao huo ndio naupenda.

Nilicheza lile toleo la Xbox 360 la mwaka 2010. Fremu 60, kila kitu ni laini kama siagi. Ni zuri, sina ubaya nalo. Lakini nilitaka mashine hii hii, kaseti hii hii, ile padi ya miguu mitatu, na gemu lipande ngazi moja tu.

Kazi ya prosesa sitaieleza sana, wenzangu mnaijua. Miguu miwili ya VR4300, ndiyo prosesa yenyewe, ndiyo inayoamua kizidisho cha kasi. Kiwandani imewekwa iwe mara 1.5 ya 62.5 MHz, ukiinua miguu hiyo na kubadilisha upi uende kwenye volti 3.3 na upi uende ardhi, inakuwa mara 2, yaani 125. Raha yake ni kwamba gemu haliongezi mwendo. Perfect Dark hupima muda uliopita kati ya fremu, kwa hiyo Joanna anatembea vilevile, ila picha zinakuja mara nyingi zaidi. Nilitumia pasi ya lehemu yenye kurekebishwa joto, ncha nyembamba, na fluksi nyingi. Zile pasi za bei ya chini zinazochomekwa moja kwa moja ukutani zitupeni. Nimeharibu bodi mbili za redio kwa zile pasi na kosa lilikuwa la pasi, maana nimerudia kazi hizo hizo na pasi nzuri zikakubali mara ya kwanza. Ndiyo, mguu mmoja ulinipa homa, ni mwembamba kama unyoya, lakini ulikubali. Jioni moja, imekwisha.

Ikawaka mara ya kwanza. Barabara ya Chicago, ile yenye mvua, ikapita kama gemu jingine. Nilicheza dakika 28 nikiwa nacheka peke yangu. Halafu picha ikaganda, sauti ikabaki kwenye noti moja, mwiii.

Hapo ndipo wiki zangu sita zilipoingia.

Nikasema joto. Kila mtu angesema joto. Nilifungua, nikatoa kile kibati cha alumini kinachofunika chipu, nikakuta pedi za kupitisha joto zimekauka kama gamba la mti. Nikaweka mpya, nikaongeza kipoza joto kidogo juu ya prosesa. Ikaganda dakika ya 31. Nikaondoa kifuniko kabisa nikawasha feni ya mezani ikipuliza bodi. Dakika ya 29. Kama ni joto, feni ya mezani ingenipa angalau dakika kumi za nyongeza. Haikunipa hata tano.

Nikasema ni lehemu yangu. Nikaangalia kwa lenzi, nikagusa upya kila kiungo. Dakika ya 30.

Nikasema ni Expansion Pak. Na hapa nilijiona nimeshinda, kwa sababu nilipoitoa nikarudisha Jumper Pak, kile kipande cha kawaida kisichoongeza kumbukumbu, nikacheza kile kipande kidogo cha gemu kinachoruhusiwa, mashine ilikaa saa mbili bila neno. Basi ni Expansion Pak! Nikasafisha meno yake. Nikaazima nyingine kwa rafiki wa Mikocheni, anayo ya asili kabisa, haijawahi kusumbua. Dakika ya 27.

Usiku ule sikulala vizuri. Pak mbili tofauti, tatizo lile lile, lakini bila pak tatizo halipo. Nilirudisha prosesa kwenye 93.75 nikaweka pak: saa tatu, safi. Nikarudisha 125 na Jumper Pak: safi. Vitu viwili, kila kimoja kikiwa peke yake hakina kosa, vikikutana vinaua mashine. Niliandika hayo kwenye daftari nikayatazama siku nne nzima bila kuona lililokuwa limekaa mbele yangu.

Kwa wanaotaka kujua kuhusu kusafisha: spiriti ya duka la dawa haifai. Ina vitu vinavyobaki kama ukungu wa mafuta kwenye meno ya kaseti. Tafuteni aina ya isopropili ya asilimia 99, hata kama ni ghali, chupa moja inakaa mwaka. Na kwa skrubu za Nintendo, nunueni bisibisi yake, milimita 4.5 kwa mashine na 3.8 kwa kaseti. Ile mbinu ya kuyeyusha plastiki ya kalamu juu ya skrubu inafanya kazi mara moja au mbili, mara ya tatu skrubu inabaki na plastiki ndani na unaanza kulia.

Jibu nilipewa Kariakoo. Nilikuwa nimekwenda kutafuta nyaya tu. Kuna mzee anatengeneza redio na vikuza sauti, kibanda chake kimejaa maboksi hadi mlangoni. Nikamsimulia wakati ananipimia waya.

"Kijana, adapta umeipima?"

"Nimeipima, mzee. Volti 3.3, iko sawa."

"Umeipima ikiwa imebeba mzigo?"

Nikanyamaza.

"Punda asiye na mzigo utajuaje kama mgongo unamuuma? Nenda kapime mchezo ukiwa unaendelea."

Nilisahau hata chenji. Nyumbani nikafungua mashine, nikaunganisha nyaya mbili kwenye njia ya 3.3 ya bodi, nikazipitisha nje hadi kwenye maltimita, nikaanzisha Complex na simulanti wote wanane. Mwanzo: 3.27. Dakika ya 10: 3.21. Dakika ya 20: 3.13. Namba ilikuwa inashuka mbele ya macho yangu taratibu kama maji kwenye pipa lililotoboka. Dakika ya 29 ikagusa 3.04, na mwiii.

Adapta ya Nintendo 64 imeandikwa mgongoni kwamba inatoa ampea 2.7 kwenye 3.3. Ilikuwa inatoa hivyo ilipokuwa mpya. Prosesa ya 125 inakula zaidi, Expansion Pak nayo inakula. Adapta iliweza kubeba mmoja, wote wawili ikashindwa, na kadiri ilivyopata moto ndivyo ilivyozidi kulegea. Daftari langu lilikuwa limesema hivyo siku nne zote.

Niliiacha bila umeme usiku kucha, nikaifungua. Kapasita tatu za upande wa kutoa umeme, moja imevimba kichwani, moja imetoa ute wa kahawia chini. Nimeweka mpya za kuvumilia nyuzi 105. Msiweke za 85 ndani ya adapta iliyofungwa, hata muuzaji akikuapia. Jumla ya gharama ni chini ya bei ya chakula cha mchana. Mashine sasa inaanza na 3.31, na baada ya dakika 52 jana ilikuwa 3.29.

Nimepima na fremu. Nilirekodi televisheni kwa simu, picha 240 kwa sekunde, nikahesabu kwa mkono picha moja ya gemu inakaa muda gani. Pale Chicago mwanzoni, kwa 93.75, picha nyingi zilikaa hesabu ya 19, yaani 12.5 kwa sekunde. Kwa 125 nyingi zinakaa 14. Hiyo ni 16.7. Ngazi moja. Najua kwa mtu wa siku hizi namba hiyo ni ndogo, lakini kaeni nayo mikononi. Shabaha inafuata kidole. Walinzi wanaokuja wawili wawili sasa nawaona wanavyokunja goti kabla ya kufyatua. Nilikuwa sijawahi kuliona lile goti.

Mpango ulikuwa niendelee na kupaka rangi kasha na kuweka swichi ya kurudisha 93.75 nikitaka. Nimeviacha vyote. Kwanza, sitaki kurudi 93.75. Pili, wakati napima nilisoma kwamba wanaoshindana kumaliza GoldenEye kwa muda mfupi hutembea wakitazama sakafu, ili mashine ichore kidogo na wapite haraka, na tangu hapo najaribu jambo hilo Chicago na saa mkononi, kila kona, nikiandika ni wapi inalipa. Daftari la pili limeshafika nusu.

Ila padi ya kwanza inahitaji matibabu kabla ya lolote. Kijiti kimelegea, na nilipoifungua nimekuta ule unga mweupe wa plastiki umejaa kwenye bakuli lake. Miaka zaidi ya ishirini ya kusaga. Kijiti hicho kilisagwa na kaka, ndiyo padi aliyoimiliki yeye, na nimempigia picha ule unga nikamtumia.

Anakuja Jumamosi. Ameuliza kama mlango wa juu pale Complex bado unabandikika Laptop Gun.