Mashua ya Chuma ya Meriwether Lewis

Kila nirudiapo habari za safari ya Meriwether Lewis na William Clark, wavumbuzi wa Kimarekani walioondoka karibu na St. Louis Mei 1804 wakaifikia Bahari ya Pasifiki Novemba 1805, hujikuta nimekwama penye maporomoko ya Mto Missouri, kwa sababu ya mashua moja iliyoelea kwa saa chache tu.

Lewis aliibuni mwenyewe. Mwaka 1803 alikaa kwenye karakana ya silaha ya Harpers Ferry kuwasimamia mafundi waliomfulia mbavu za chuma za kuunga na kufungua, na kazi ikachukua muda mrefu kuliko alivyopanga, hata ikambidi amwandikie Rais Jefferson wa Marekani kujieleza. Wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi. Vyombo vikubwa vingeachwa chini ya maporomoko, na huko juu mbavu zingeungwa na kuvikwa ngozi, ikapatikana mashua ya mita 11 hivi yenye kubeba zaidi ya tani tatu.

Juni 1805 walifika, wakakuta maporomoko ni matano. Mizigo na mitumbwi vilipitishwa nchi kavu kwa kilomita 29 hivi, juu ya magurudumu yaliyokatwa katika shina la mti, huku miiba ya mipungate ikiwachoma miguu ndani ya viatu vya ngozi vilivyokwisha kuongezwa soli ya pili. Siku moja upepo ulipovuma sana walitweka tanga juu ya mtumbwi uliokuwa ukikokotwa, nao upepo ukawapunguzia kazi ya kuvuta.

Mashua ilivikwa ngozi 28 za elki, yule kulungu mkubwa wa huko, na 4 za nyati. Lewis alikuwa ametegemea kuziba mishono kwa ulimbo wa misonobari, lakini misonobari ya kutoa ulimbo huo haikupatikana, kwa hiyo akachanganya mkaa uliosagwa, nta ya nyuki na shahamu ya nyati. Tena sindano za kushonea zilikuwa na makali ubavuni, zikaacha matundu mapana kuliko kamba zilizopita ndani yake. Mtu yeyote aliyewahi kuona chombo kikitiwa kalafati atajua kilichofuata.

Tarehe 9 Julai iliteremshwa majini ikaelea kama kizibo. Alasiri ikaja tufani, na ilipotulia jioni ule mchanganyiko wa kuzibia, dawa yake, ulikuwa umebanduka na mishono ikivuja. Kinachoniumiza zaidi ni jambo ambalo Lewis mwenyewe aliliandika: dawa ilishika vizuri kwenye ngozi za nyati, ambazo zilikuwa zimebabuliwa tu zikabaki na vinyweleo vifupi, ila ikakataa kwenye ngozi za elki zilizokwanguliwa zikawa laini. Kumbe unadhifu wa kazi ndio ulioiponza! Alijua sasa la kufanya, lakini nyati walikuwa wamehama na majira yalikuwa yakisonga, akaona kujaribu tena ni wazimu. Mashua ikafunguliwa na mbavu zake zikafukiwa. Clark akapanda mto na watu kadhaa kuchonga mitumbwi miwili ya kuziba pengo, na tarehe 15 Julai msafara ukaondoka.

Wakati wa kurudi, Julai 1806, Lewis alifukua akiba aliyoiacha hapo. Maji yalikuwa yameingia yakaharibu mimea yote aliyoikausha kwa uangalifu. Mbavu za chuma hazikuwa na dosari ya maana.